GITAA LIMELIPWA, MIMBARI HAIJALIPWA



Ndugu zangu katika imani, tangu Jumatatu simu yangu haijapumzika. Kuna kipande cha video, hakifiki hata dakika mbili, kinazunguka kwenye magrupu. Kinamwonyesha huyu maalim wenu, kofia kichwani na tasbihi mkononi, ameketi kwenye jamvi sebuleni kwa watu, na mbele yake kuna boksi refu lililofunguliwa, ndani yake gitaa la umeme. Aliyerekodi ni mtoto wa nyumba ile, hakuwa na nia mbaya. Walioieneza ndio waliokuwa na nia. Mmoja kaandika, "Sheikh kaingia bendi." Mwingine, "Kiyama kimekaribia." Mwingine tena, huyu nimemsomesha mwenyewe kuanzia alifu mpaka akahitimu, kaandika neno moja tu: "Livunjwe." Watu zaidi ya mia mbili wakamwekea dole gumba.

Sikutaka kujibu. Lakini Jumatano baada ya Alasiri alinijia fundi mmoja, jina lake silitaji, akanambia maneno nitakayoyaandika huko chini. Baada ya maneno yale nikaona kunyamaza kwangu kuna dhambi kubwa kuliko hilo gitaa. Basi kaa chini. Ni ndefu. Ukichoka ihifadhi, uisome baada ya Isha.

Nianze na hukumu, asije mtu akasema nimekwepa. Ala za nyuzi ni haramu. Ndivyo nilivyosoma kwa masheikh zangu, ndivyo ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafii, na ndio msimamo wa wanavyuoni walio wengi katika madhehebu manne. Hadithi ya maazif iko kwa Bukhari. Najua Ibn Hazm aliitia kasoro sanadi yake, akasema imekatika, na Ibn Hajar akaja kumjibu kwa kuiunganisha. Najua Ghazali ameandika kitabu kizima cha kusikiliza ndani ya Ihya, akaruhusu mengi kuliko mnavyodhani, lakini alipofika kwenye nyuzi alikataa. Najua katika zama zetu Qaradawi ameruhusu kwa masharti. Hiyo ni khilafu, nami nimeshika upande wangu. Nilimwambia kijana mwenye gitaa hivyo hivyo, uso kwa uso, mama yake anasikia. Hakunibishia. Alisema, "Nimesikia, Maalim." Kusikia si kutii, hilo nalijua, nina watoto.

Lakini tusijifanye kwamba hapa Tanga gitaa limeshuka juzi kwa posta. Mji huu ndio mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa la umeme ndani ya taarabu, na wazee wetu wengine waliokuwa wakikaa safu ya mbele msikitini walizijua zile nyimbo ubeti kwa ubeti. Na harusi zenu za mwaka huu, zimepigwa dufu? Mimi nimefungisha ndoa, nimekula pilau, nimeondoka kabla ya saa mbili kwa sababu najua kinachofuata, na wewe unajua kuwa najua. Hakuna aliyetoa simu kurekodi.

Sasa njoo wewe wa "Livunjwe." Minhaj ya Imam Nawawi tumeisoma pamoja, mlango wa ghasbu, labda siku ile ulikuwa unasinzia. Imam Nawawi anafundisha kwamba anayeharibu ala za pumbao hatozwi kitu kwa ajili ya lile umbo lake. Hapo ulikuwa macho. Lakini maneno hayakuishia hapo. Kauli aliyoipa nguvu ni kwamba hazivunjwivunjwi ovyo, bali zinafunguliwa viungo vyake zirudi kama zilivyokuwa kabla hazijaungwa. Kwa nini? Kwa sababu ubao ni mali, waya ni mali, skrubu ni mali, na mali ina mwenyewe. Abu Hanifa akaenda mbele zaidi, akamtoza mvunjaji thamani ya kile kitu kwa hesabu ya mbao zake. Yaani hata faqihi anayeliona gitaa ni munkari wa wazi kakupa bisibisi, hakukupa shoka. Wewe umetaka shoka. Na hiyo kazi ya kuondoa munkari kwa mkono ina watu wake na ina masharti yake. Haikuachwa kwa kila mwenye bando.

Basi niwahadithie, maana video yenu inaanzia katikati.

Kijana huyu ni yatima wa rafiki yangu. Ni fundi umeme, ana miaka ishirini na tisa, Alfajiri haimpiti msikitini ila siku za zamu ya usiku. Na ni shoto, anatumia mkono wa kushoto. Hilo la ushoto likumbukeni.

Magitaa yanayouzwa madukani ni ya watu wa mkono wa kulia. Mimi nilimuuliza, kwa ujinga wangu, kwa nini usiligeuze tu? Akacheka. Akanambia yupo Mmarekani mmoja, Jimi Hendrix, alikuwa shoto, akalichukua gitaa la watu wa kulia akaligeuza na kuzipanga nyuzi upya, na akawashinda wa kulia. Lakini si kila mtu ni yule. Ukiligeuza, vile vifungo vya sauti vinakuja juu, vinagongana na mkono. Ule mkato wa ubao unaoruhusu vidole kufika chini unahamia upande usiotakiwa. Hata ile mifereji midogo ya kupitishia nyuzi imechongwa kila mmoja kwa unene wa uzi wake, ukizipanga kinyume uzi mnene haukai na mwembamba unacheza. Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mtu wa fani yake. Mtu akijua kazi yake hunipa raha, hata ikiwa kazi yenyewe sikubaliani nayo.

Kwa hiyo akaagiza litengenezwe kwa kipimo chake. Akampata fundi mmoja Uingereza, karakana ndogo, mtu na mwanawe. Wakaandikiana. Kijana akapima kiganja chake na urefu wa vidole akatuma. Wakakubaliana aina ya mbao, urefu wa nyuzi milimita 648, vichuma 22 shingoni, rangi, muda wa miezi minane, na bei, ambayo kwa fedha zetu ilikaribia milioni tano. Nusu mwanzo, nusu kazi ikikamilika kabla haijatumwa. Alidunduliza miaka miwili. Na kabla hujasema "milioni tano angemjengea mama yake," mama yake amejengewa, mimi nilikuwepo siku ya kuezeka.

Kazi ikakamilika. Fundi akaleta picha, akaomba nusu iliyobaki. Hapo ndipo shetani alipokuja, na hakuja na gitaa. Alikuja na ndevu.

Kuna mtu, anajijua, alimwendea kijana akamwambia hivi: "Wewe umeshajua gitaa ni haramu. Akdi ya haramu ni batili. Huyo ni kafiri, yuko mbali, hakujui. Usimalizie hiyo nusu. Acha gitaa likae huko huko, nawe utakuwa umetubia."

Subhanallah. Soma tena. Toba yake kwa Mwenyezi Mungu ailipie kwa mfuko wa mtu mwingine.

Kijana akanijia usiku. Hakuja kuniuliza juu ya gitaa, hilo jibu alikuwa nalo. Alikuja kuniuliza juu ya deni. Nikamwambia: lipa. Lipa kesho asubuhi. Kama hutaki kulipiga, litakapofika lifungue viungo kama alivyosema Imam Nawawi, ubao wake utengenezee rafu ya misahafu. Lakini yule mtu mlipe.

Wako watakaonijia na kitabu: "Maalim, batili ni batili." Najua, nimeisoma, tena kwa Kiarabu. Akdi ikiwa batili kila mmoja anarudishiwa chake. Haya, mrudishie fundi chake. Mrudishie miezi minane. Mrudishie ule ubao ambao ameshauchonga kwa kiganja cha mtu wa Tanga aliye shoto, ambao hatapata mwingine wa kumuuzia. Huwezi? Basi umebakisha nini isipokuwa dhulma? Kosa la kuagiza ulilifanya wewe, yeye kwake hiyo ni kazi halali na hakukudanganya hata herufi moja. Unataka kujitoa kwenye dhambi yako kwa kupanda mgongoni mwake.

Na hilo la "ni kafiri" ndilo lililonichoma zaidi. Mtume wetu (s.a.w.) alifariki deraa yake iko rehani kwa Yahudi, kwa shayiri aliyochukua kwa ajili ya watu wake. Usiku wa Hijra, waliokuwa wakitaka kumuua ndio hao hao waliomwekea amana zao, na alimwacha Ali nyuma azirudishe. Kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, alikuwa bado mshirikina, na alikodiwa kwa ujira, kwa mapatano. Sasa wewe, mtu wa Ngamiani, umepata wapi dini inayosema mali ya mzungu ni ngawira kwa kuwa yuko mbali na hakujui?

Hili la kuagiza kitu kitengenezwe lina mlango wake kwenye fiqhi, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilisikia hotuba yake. Linaitwa istisnaa. Unamwendea mtengenezaji, kitu hakipo, kipo kichwani mwako tu. Unamwambia nifanyie hivi, kwa kipimo hiki, kwa bei hii. Kwa kanuni ya jumla hiyo ni kuuza kisichokuwepo, na kuuza kisichokuwepo kumekatazwa. Sisi Mashafii tuliiingiza kwenye bai ya salam, tukataka bei yote ilipwe pale pale kwenye kikao. Mahanafi wakasema hapana, hii ni akdi peke yake, watu wameifanya tangu zama za Mtume bila kukatazwa. Na ushahidi wao ni mtamu. Mtume mwenyewe aliagiza. Aliagiza pete ya fedha ichongwe jina lake, mistari mitatu, alipotaka kuwaandikia wafalme na akaambiwa hawasomi barua isiyo na muhuri. Na aliagiza mimbari. Alituma kwa mwanamke wa Kiansari aliyekuwa na kijana seremala, akatengenezewa mimbari ya ngazi tatu kwa mti wa athli wa mahali panapoitwa Ghaba. Kabla ya hapo alikuwa akihutubia ameegemea gogo la mtende. Yaani mimbari ya kwanza ya Uislamu ilikuwa kazi ya kuagiza kwa seremala.

Wakahitilafiana kitu kikija. Abu Hanifa alimpa muagizaji hiari akishakiona. Abu Yusuf mwanafunzi wake akasema, kikija kama kilivyoelezwa hakuna wa kurudi nyuma, kwa sababu utamwachia fundi kitu alichokikata kwa ajili yako. Waturuki wa dola ya Uthmaniya walipoandika sheria yao, Majalla, katika karne ya 19, walichukua kauli ya Abu Yusuf. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jidda mwaka 1992 ikaamua kwamba istisnaa inafunga pande zote mbili, mradi aina, sifa, kipimo na muda vijulikane, na malipo yanaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu. Sasa yaangalie yale mapatano ya kijana na mzungu wake. Aina ipo. Sifa ipo. Kipimo hadi milimita. Muda upo. Mafungu ya malipo yapo. Toa gitaa, weka kabati, na hiyo ndiyo istisnaa ya Jidda kifungu kwa kifungu. Yule mzee wa Uingereza hajawahi kuisikia Jidda.

Boksi lilifika Jumapili, baada ya safari ya Dar es Salaam na ushuru na VAT ya asilimia 18 juu yake. Mama yake ndiye aliyeniita. "Maalim, njoo uwepo likifunguliwa, nisije nikasema neno nikamkosea mwanangu." Ndiyo maana nilikuwa pale. Hamkuuliza.

Nikakaa. Kijana akakata gundi taratibu kwa kisu cha jikoni. Karatasi juu ya karatasi, kisha kasha gumu jeusi, kisha ndani, kwenye kitambaa laini, lile gitaa. Sikiliza, mimi ni mtu wa kanzu, sina la kusema juu ya uzuri wa gitaa. Nitasema juu ya uzuri wa kazi. Hakukuwa na pembe iliyoachwa na msasa. Hakukuwa na skrubu iliyokaa upande. Ule ubao mweusi ambao vidole vinapita juu yake ulikuwa wa mpingo, mpingo huu huu wa kwetu wa kusini, wa Kilwa na Lindi, mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Kijana aliuchagua makusudi, na fundi akaambatanisha karatasi ya kuonyesha ulikotoka na kibali chake. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009 kwa kuhifadhi misitu yao yenye mpingo, na mnunuzi wa mbali anakijali. Sisi tulio karibu tunanunua mbao za usiku na hatuulizi mti umekatwa kwa idhini ya nani, hata zikiwa za kuezekea madrasa.

Kijana akanionyesha zile sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unazalisha umeme kidogo, unakwenda kwenye spika. Wenyewe wanaziita pikapu. Nikamuuliza inabeba tani ngapi, mama yake akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Hicho ndicho kicheko mnachokisikia kwenye video.

Kisha ikaja barua. Fundi kaandika kwa mkono, kijana akanitafsiria. Kwanza anaomba radhi kwa kuchelewa wiki tatu, kwa sababu shingo ya kwanza aliyoichonga ilipinda kidogo alipoiacha ikae, akaitupa akachonga nyingine kwa gharama yake. Ya pili inasema hivi: chini ya kibati cha pale unapochomekwa waya kuna mchubuko kwenye vanishi, urefu wake kama punje ya mchele. Hutauona usipofungua kibati. Nimeuona mimi, kwa hiyo nimekurudishia paundi arobaini.

Nikamwambia kijana, fungua kibati. Akafungua. Tukamulika tochi ya simu. Tukautafuta sote watatu. Upo.

Mnakumbuka Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikatoka na umande? Mwenye lundo alisema mvua imelinyea. Akaulizwa kwa nini hakuyaweka yale majimaji juu watu wayaone, na akasikia neno ambalo kila muuzaji wa Kiislamu analijua kwa moyo. Wangapi kati yenu wauzaji mmewahi kuyaweka majimaji juu? Mimi nimenunua gunia la mchele wa mjane mtaani kwetu, juu mchele, katikati chenga. Muuzaji ana sijida kwenye paji la uso.

Na lile la ushoto niliwaambia mlikumbuke. Kijana alilipakata gitaa bila kulichomeka popote, mkono wa kushoto ukaenda kwenye nyuzi, na pale kwenye vifundo vya vidole nikaona alama. Miaka ishirini na mbili iliyopita alikuwa anakuja chuoni kwangu na kibao chake. Alikuwa anashika kalamu kwa kushoto. Mimi nikaufunga ule mkono kwa kitambaa nyuma ya mgongo, na alipoufungua nikauchapa bakora. Zaidi ya siku moja. Kwangu ilikuwa ni malezi. Mtume ameamrisha kula na kunywa kwa mkono wa kulia, na hilo nalifundisha mpaka leo. Lakini wapi aliamrisha mtoto wa miaka saba apigwe vifundo kwa jinsi anavyoandika alifu? Nilikuwa nimesahau kabisa. Yule mzungu aliomba vipimo vya mkono ule akautengenezea chombo. Mimi niliupata mkono ule bure, ukiwa unaandika Qur'ani.

Nilimwomba radhi pale pale. Akasema, "Yameisha, Maalim." Mama yake akainuka akasema anakwenda kuchemsha chai, na alikaa jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Hiyo haimo kwenye video, mtoto alikuwa ameshazima simu.

Sasa fundi wa Jumatano.

Mnaijua mimbari yetu mpya. Mninga mtupu, ngazi tatu, nakshi ubavuni. Kamati ilimwagiza fundi wa hapa hapa mtaani, Muislamu, mswalihina, ana watoto watano. Bei milioni moja na laki saba. Tukampa nusu, arbuni, advansi kama mnavyoiita. Akaifanya kazi usiku na mchana ili iwahi Ramadhani, na ikawahi. Tukapiga nayo picha, tukaturuka kwenye magrupu, "Mashaallah tabarakallah." Ile nusu ya pili, laki nane na elfu hamsini, mpaka leo ni miezi kumi. Kila akija anaambiwa subiri mfuko wa Ijumaa. Mara ya tatu mmoja wetu akamwambia, "Fundi, hiyo si uache tu fisabilillahi, iwe sadaka yako yenye kuendelea?"

Fisabilillahi ya mfuko wa mwenzako. Nami nilikuwepo, nikatazama chini.

Jumatano alikuja, akanipa shikamoo, akakaa ukingoni mwa baraza. Akasema ameiona video. Akauliza, "Maalim, yule mzungu wa gitaa alilipwa?"

"Alilipwa."

"Yote?"

"Yote."

"Kabla hajalituma?"

"Kabla hajalituma."

Akanyamaza. Akaokota kijiti akachora chini. Kisha akasema, bila hasira kabisa, "Basi na mimi bora ningetengeneza magitaa."

Ndugu zangu, Ijumaa arobaini na zaidi nimepanda juu ya jasho la mtu nikawaambia mcheni Mungu. Nimesoma hotuba ya haki ya mfanyakazi nikiwa nimesimama juu ya haki ya mfanyakazi. Na nyinyi mia mbili mlioweka dole gumba kwenye "Livunjwe," nimeyapitia majina yenu jana usiku mmoja mmoja. Watatu mnadaiwa na fundi huyu huyu, mlango, kitanda, na fremu za madirisha. Mmoja ana cherehani ya mtu tangu Idi. Nawajua kwa sababu wanaodai huja kulia kwangu.

Mafundi nao wasishangilie, zamu yao ipo. Wewe unayepokea advansi ya kabati ukailia sikukuu, ukamwambia mtu "njoo Jumamosi" kwa Jumamosi tisa. Wewe unayefunga mlango wa mbao mbichi ukijua masika ukifika utavimba, ukaupaka vanishi mara mbili haraka haraka ili rangi ifiche. Wewe mshonaji unayepokea kanzu sitini wiki ya mwisho ya Ramadhani wakati mikono yako inaweza thelathini, na usiku wa Idi unazima simu. Ile shingo ya gitaa iliyopinda kidogo, fundi wake angeweza kuipiga rangi akaituma. Nani angejua, hapa Tanga?

Mtaniambia nimewasifu makafiri. Sikuwasifu makafiri, wako wezi wao wa kila namna. Nimemsifu mtu mmoja kwa kazi moja niliyoishika kwa mikono yangu. Na mtaniuliza, je, kijana analipiga? Sijui mnataka nikae mlangoni kwake nisikilize. Niliondoka kabla hajalichomeka, na nilipofika kizingitini nilimwambia tena lile neno langu la nyuzi, akasema tena "Nimesikia, Maalim." Alfajiri ya Jumatatu alikuwa safu ya pili, Jumanne pia. Namwombea, na ninyi mkiweza mwombeeni badala ya kumrekodi.

Sasa la Ijumaa hii. Mimbari ni sunna, si sharti la kuswihi hotuba. Kwa hiyo sitaipanda. Nitasimama chini, mbele ya mihirabu, na fimbo yangu, mpaka laki nane na elfu hamsini ya mwenyewe itimie mkononi mwake. Nimeiambia kamati, wawili wamekasirika. Laki moja nimeshaitoa mimi, iko kwa mhazini, ameiandika kwenye daftari lenye jalada jekundu. Kijana wa gitaa alisikia habari hii jana, akampelekea mhazini zile paundi arobaini alizorudishiwa, zimebadilishwa dukani kwa shilingi. Mhazini amenipigia kuuliza kama tuzipokee, kwa kuwa zimetokana na gitaa. Nimemwambia azipokee.

Anayetaka kuongeza, mhazini yupo kila siku baina ya Magharibi na Isha. Na kila mwenye madai kwa mtu wa jamaa yetu, la kazi aliyoifanya ikapokelewa, aje na karatasi yake Jumamosi baada ya Isha. Asiye na karatasi aje na shahidi. Wanaodaiwa nitawapigia mwenyewe, na sitaandika majina yao huku.

Wassalaamu alaykum.